Maji ya Mungu

Kila jioni, kabla ya kufunga mlango, Denyse aliacha maji kidogo mtungini. Wenye mimba hufanya hivyo tangu enzi za bibi zao: Mungu hufinyanga mtoto watu wakilala, na mfinyanzi hafanyi kazi bila maji. Asubuhi mtungi huwa mkavu.

Jumanne maji yalibaki, tope limetuama chini. Kando yake palikuwa na mkono wa udongo, mdogo kama kifungo cha shati, wenye vidole vitatu. Denyse alikuwa na mimba ya miezi saba. Aliufunika kwa kitambaa kibichi usipasuke, kisha akawaita wa nyumbani.

Mumewe Wellars, mvuvi, aliutazama huku akipuliza chai yake.

"Dunia imezeeka," alisema. "Samaki ya sambaza ya zamani iko wapi ziwani? Donc, ndiyo kusema na Mungu amechoka."

"Achoke nani?" mama yake Wellars, Nyirabahire, alimkata kauli. "We ulimuona wapi amekaa? Maji ndiyo iko mubaya. We ungefinyanga na hii matope?"

Milimani juu ya mji wa Mahoko watu wa mgodi walikuwa wakioshea mchanga wao mtoni, na bomba la mtaa lilitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Jumatano Denyse alikwenda Busasamana kwa shangazi yake, akarudi na jerikani ndogo ya maji ya mvua. Jioni alimimina nusu. Alhamisi asubuhi kidole cha nne kilikuwepo. Nusu iliyobaki ilikuwa ya kidole cha tano.

Jua lilipozama, jirani yao Kayitesi, naye mjamzito, alibisha hodi. Kiganjani alishika sikio la udongo.

"Inaanza kukauka, dada," alisema. "Kwangu iko matope tupu."

"Denyse," Wellars alisema polepole, "hii maji ni ya mutoto yetu."

Nyirabahire aligeukia ukuta. Denyse aliinua jerikani, akagawa sawasawa, tone kwa tone.

Asubuhi mkono haukuwepo tena. Mungu alikuwa ameuchukua, na maji yamekwisha.

Baada ya miezi miwili mtoto alizaliwa na vidole vyote. Cha mwisho hakikuwa na kucha. Muuguzi alivihesabu, akatia alama kwenye fomu. Fomu mpya zilikuwa na mstari wa kucha.

"Uko na bahati, mama," alisema. "Mutoto ya jana ilikosa dole gumba."

Kisha akakinga beseni bombani amwogeshe mtoto, nao wakakaa kusubiri tope lituame.