Karanga Zinazokunywa Sérum

Orpa hakuiba. Tuanze hapo, maana mpaka leo wako watu Mavivi wanaosema aliiba, na wengine kati yao wamekula karanga zake.

Ilikuwa mwaka 2001, mwezi wa kwanza, na jua lilikuwa limeikausha ardhi ya Mavivi, karibu na Beni, ikawa kama tofali. Shamba zuri la Orpa lilibaki Eringeti, mikononi mwa watu wenye bunduki. Alikimbia na Biblia pamoja na nusu beseni ya mbegu ya karanga, ile nyekundu ndogo aliyoachiwa na mama yake. Na mbegu ya karanga haina uvumilivu wa mahindi. Ukiiweka mwaka mmoja, inaota. Ukiiweka miwili, inaota nusu. Mwaka wa tatu ni chakula cha panya. Hii ilikuwa na miwili. Ama aipande sasa, kiangazi kikiwa kikali, ama aikose mpaka kufa.

Akapanda mistari tisa kwenye kishamba cha kuazima, nyuma ya kituo cha afya alikokuwa anafagia. Mvua hakuna. Mfirmie Gracien, muuguzi wa kituo, alikuwa anatupa shimoni mipira ya sérum, ile ya kumtundikia mgonjwa maji, iliyokwisha kutumika. Orpa akaiomba, akaichemsha, akaifunga kwenye mabidoni ya maji aliyoyatundika juu ya miti. Kila mpira una kagurudumu kadogo: ukikalegeza, maji yanakimbia bure, ukikakaza vizuri, linashuka tone moja moja. Orpa alichuchumaa akihesabu, tone moja kwa kila pumzi, shina likishiba anahamia linalofuata.

Jirani yake Débora alimchungulia juu ya ua.

"Mama Orpa, karanga zako ziko mu hospitali? Bataziruhusu lini?"

"Zikianza kutembea nitakuita."

"Na mugonjwa wa kitanda ya tatu, anaendelea?"

"Alilala vizuri. Ni wewe tu uko namupigia kelele."

Maua ya njano yakatoka. Sasa, asiyejua kulima asikilize. Ua la karanga likishakauka, shina linashusha kitu chembamba kama sindano kwenda kutafuta udongo. Sindano ikikuta udongo laini, inaingia na kuzaa. Ikikuta udongo mgumu, inakauka hewani, nawe unavuna majani. Wiki mbili hizo huwezi kucheza na maji.

Siku ya tatu ya wiki hizo wakaja askari wanne wa mouvement, waasi waliotawala kwetu, na komanda wao mbele.

"Mama, yaka awa, kuya hapa! Hii mipira ulitosha wapi?"

"Mu shimo ya takataka, chef."

"Ni mipira ya bablessé betu, balioumia ku vita. Uko naiba damu ya basoda, baaskari bangu."

Angenyamaza, wanasema wenye busara. Orpa hakunyamaza.

"Bablessé? Chef, nani alibeba magodoro ya maternité mwaka jana? Bamama beko nazalia juu ya majani ya ndizi. Mu quatre-vingt-seize, miaka tano imepita, bengine kama ninyi balibeba mbuzi za mama yangu, eti ni za kukomboa inchi. Inchi iko wapi? Mbuzi ziko wapi?"

Wakaing'oa mipira yote tisa, wakaondoka nayo. Maji ya mabidoni yakamwagika mara moja, hatua mbili tu kutoka kwenye karanga, ardhi ikayameza.

Kesho yake Orpa akaenda Beni kwenye bureau, ofisi ya wale askari, kudai mipira yake, akimchukua shemasi Esdras amsemee. Kwenye kizuizi cha njiani wakakuta lori limejaa mbao, na askari amepiga magoti kando ya tangi, mpira wa sérum mdomoni, anavuta mazout, dizeli ya lori. Kagurudumu keupe kalikuwa kananing'inia kidevuni kwake.

"Shemasi, ule ndiyo blessé yabo?" Orpa akauliza kwa sauti. "Anaumwa wapi, mu tanki?"

"Mama, nakuomba, nyamaza."

Kule bureau, karatasi ilikuwa imeshaandikwa. Komanda akaisukuma mbele yake na kidau cha wino.

"Weka kidole. Unakubali uliiba, na mfirmie Gracien alikusaidia. Unaweka, unarudia na mipira yako leo leo."

"Na Gracien?"

"Gracien tutaongea naye."

Orpa aliijua kontena ya chuma nyuma ya bureau, mahali walipoongea na watu. Esdras akamwinamia sikioni.

"Mama, weka. Karatasi ni karatasi tu. Karanga haitangoja. Gracien iko mwanaume, atatoka."

"Kama ni jina yako ilikuwa mule ndani, ungeniambia vile?"

Orpa akamgeukia komanda.

"Chef," Orpa akasema, "hiki kidole ni cha udongo. Kwa uongo hakiingie mu wino."

Akatoka. Bila kidole chake komanda hakuwa na kesi ya kuwaonyesha wakubwa wake, na Gracien akaendelea kuchoma watu sindano zake.

Lakini karanga? Orpa alitembea akilia kwa hasira mpaka kwenye mipapai ya njiani, akasimama ghafla.

"Shemasi, kata."

"Nikate nini?"

"Majani ya papai. Ile ya mikono mirefu. Kata mpaka niseme basi. Na unanyamaza wewe leo!"

Mkono wa jani la papai una tundu katikati, kama mrija. Akauchomeka kwenye bidoni, akauziba kwa kitambaa mpaka maji yakaanza kudondoka. Ubaya wake, unanyauka jioni. Kila asubuhi ni kukata mingine. Débora akaja na panga lake na wanawake watano.

"Ee, mugonjwa amehamia kwa muganga ya kienyeji!" akasema, akaanza kukata.

Mistari mitano ilikufa. Minne ikazaa. Walipomaliza kung'oa na kuanika, ilipatikana beseni moja na nusu, nyekundu kama damu. Débora akanyoosha mkono achukue moja ya kuonja. Orpa akaupiga ule mkono.

"Hata moja hapana!"

Kisha akachukua kopo, akaanza kugawa: kila mwanamke aliyekata papai, kopo zima, aende afiche kwake.

"Uko nagawa mbegu ya mama yako?" Débora akashangaa.

"Ikilala nyumba moja, inangoja soda mumoja wa bunduki aje aibebe. Sasa iko mu nyumba saba. Bakiitaka, batembee."