Mawe ya Tomkin Yalipoanza Kutaja Majina

Jumamosi ya kwanza ya Agosti, saa tatu asubuhi, kando ya kijito cha Tomkin, Joyce Applegarth alilamba jiwe. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Wasaka mawe ya thamani wa jimbo la Queensland wote hulamba mawe, maana jiwe kavu limejaa vumbi na halionyeshi rangi yake, na mate yako karibu kuliko maji. Joyce alilamba, akaliinua juani, na jiwe likasema, "Joyce."

"Ndiyo, mimi," Joyce alijibu, akalitia kwenye kopo.

Aliyekuwa kwenye meza ya pili, Keith Rundle, mwenyekiti wa klabu yao ya wasaka mawe, naye akatoa mfukoni jiwe jekundu alilokuwa akilitambia tangu Pasaka. Akalilamba. Jiwe likasema, "Joyce."

Keith akakohoa. Alisema inawezekana, sasa akikumbuka vizuri, kwamba siku ile aliliokota mezani kwa Joyce bila kukusudia.

"Lete hapa, mwizi we," Joyce alisema. Wakacheka, wakaendelea kuchekecha changarawe.

Kufikia chakula cha mchana kila mtu alikuwa ameshaujua utaratibu. Jiwe likilowa hutaja jina la aliyelipata, mara moja tu, kwa sauti kavu ya mwalimu anayeita mahudhurio, kisha hunyamaza mpaka likauke na kuloweshwa tena. Bwana mmoja aliyekuwa akijigamba kwamba yakuti zake kazichimba kwa mikono yake mwenyewe alizitia majini zote kwa pamoja, nazo zikasema, "Sunil, Sunil, Sunil," na bwana huyo akafungasha karavani yake bila kuaga. Mawe yaliyotoka mgodi mkubwa hayakutaja mtu. Yalikohoa tu, kwa kuwa yalipatikana na tingatinga. Na yapo yaliyotaja majina marefu ya watu waliokuwa wakipita bonde lile kabla Tomkin haijaitwa Tomkin, majina ambayo hakuna mwanaklabu aliyeweza kuyatamka. Hayo yalirudishwa kwenye trei.

Mervyn Tuckwell aliyasikia yote haya akiwa kwenye kiti chake cha turubai, sahani ya mayai mapajani. Akaweka uma chini. Akageuka kuangalia kama mkewe Lorna amesikia. Lorna alikuwa kwenye jiko la mkaa, anageuza soseji za watu ishirini, mgongo umewaelekea wote.

Sasa hapa lazima mwelezwe habari ya jiwe la manjano, la sivyo mtamwona Merv mtu wa kujitesa bure. Jiwe hilo liko kwenye ukumbi wa klabu, ndani ya kabati la kioo, yakuti safi yenye ukubwa wa yai la njiwa. Chini yake kuna kibao cha shaba kilichofungwa kwa skrubu nne: LILIPATIKANA NA M. TUCKWELL. Kwa ajili ya jiwe hilo Merv alifanywa mwenyekiti miaka tisa, kisha mlezi wa klabu wa maisha. Kwa ajili yake, kila mwaka, huitwa shuleni akawaambie watoto siri ya kusaka mawe. Siri, huwaambia, ni subira na jicho.

Mwenye jicho alikuwa Lorna. Siku ile, miaka thelathini na mmoja iliyopita, yeye ndiye aliyekuwa kwenye pipa la maji, akilitikisa chekeche majini kwa ule mtikiso wake wa taratibu unaofanya mawe mazito yajikusanye katikati. Akalitoa, akalipindua juu ya gunia mezani kama mtu anavyotoa keki kwenye bati, akalinyanyua. Katikati ya changarawe lilikuwa limekaa jiwe la manjano. "Merv," alisema, "njoo uone."

Merv akaja, akaliokota. Alikuwa amelielekeza juani wakati Keith alipokuja mbio akisema, "Umelipata, bwana!"

Naye Merv akasema, "Ehe."

Neno moja. Hakuwa amepanga uongo wowote. Alidhani ataliweka sawa baada ya dakika mbili, watu wakishatulia. Watu hawakutulia. Ikapigwa picha. Akajiambia ataliweka sawa wakati wa chai, kisha wakati wa chakula cha jioni, kisha gazeti likatoka. Muda wote huo Lorna alikuwa akimwangalia, uso uko tayari kucheka, akingoja mumewe amalize mzaha. Siku mbili baadaye Lorna alishika kikaango, na tangu hapo hajashika chekeche tena. Merv huwaambia watu kwamba vumbi linamsumbua mkewe kifua. Msidhani hakuwa na aibu. Alikuwa nayo, ila alikuwa ameizoea, kama mtu aliyezoea kokoto kiatuni kwa kukanyagia upande.

Walirudi nyumbani Jumapili. Alhamisi iliyofuata, Lorna, ambaye pia ndiye katibu wa klabu, alikuwa kwenye meza ya jikoni akichapa tangazo la maonyesho ya Septemba. Keith alikuwa ametoa wazo, na wote wakalipenda: mawe yote ya kabatini yataloweshwa mbele ya wageni, moja baada ya jingine, kwenye bakuli la kioo.

"Lorna," Merv alisema.

"Mm."

"Lile jiwe."

"Lipi?"

"La kabatini."

"Ehe."

"Keith anataka kulilowesha."

"Najua. Si ndilo ninalochapa hapa."

Merv alizungusha kikombe chake. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni: nisamehe, nilikukosea siku ile, na nimekukosea kila siku baada yake. Yaliyotoka yalikuwa mengine kabisa.

"Naona maji yanaweza kuliharibu. Jiwe lenyewe la zamani."

"Limelala mtoni miaka milioni sijui ngapi, Merv."

"Tungewaambia tu wasiliguse."

"Wewe ndiye mlezi. Waambie."

Akaendelea kuchapa. Merv akajaribu kupitia kwingine. "Wikendi hii twende wenyewe, mimi na wewe. Uchekeche kidogo, kama zamani."

"Nichekeche na nini? Chekeche langu si ulilipeleka shuleni, siku ulipokwenda kuwafundisha subira."

Hakulisema kwa ukali. Alitaka tu kujua, sasa hivi, kama tangazo litoke kwenye karatasi nyeupe au ya kijani. Merv akasema nyeupe, akatoka, akasimama nyuma ya banda la gari uso unamwaka, mtu mzima wa miaka sabini na nne.

Huyu sasa ndiye mtu ambaye, Ijumaa ya kuamkia maonyesho, aliingia ukumbini kwa ufunguo wake wa ulezi akiwa na brashi ndogo na kopo la vanishi isiyo na rangi. Alilipaka lile jiwe mara tatu, juu na chini, ili maji yasilifikie, akapuliza likakauka, akalirudisha mahali pake. Kisha akaenda nyumbani, akatia brashi kwenye chupa ya tapentaini, akaisahau dirishani pa jikoni, juu ya sinki, mahali ambapo Lorna huosha vyombo kila jioni.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Kulikuwa na keki za chokoleti na nazi, na Keith alikuwa amevaa tai. Alitia mawe majini moja moja, na kila moja likataja jina, na jina likalingana na kibao chake, na wageni wakapiga makofi kwa adabu. Merv alikuwa mstari wa mbele, ndani ya koti lake.

Jiwe la manjano likatiwa bakulini. Kwa muda halikusema kitu. Merv akashusha pumzi.

"Lorna," jiwe likasema. Sauti ilikuwa imebanwa kidogo, ya mtu mwenye mafua.

Keith alidhani labda maji yamechafuka. Akamwaga, akaleta mengine, akalifuta jiwe na taulo ya vyombo, na taulo ikatoka na magamba ya vanishi. Akalitia tena.

"Lorna," likasema, safari hii bila mafua.

Hakuna aliyeshtuka. Watu waliangalia ndani ya vikombe vyao. Lorna mwenyewe alikuwa nyuma kabisa, kwenye birika kubwa lenye bomba, akimjazia mtu chai. Alifunga bomba, akangoja kidogo, akafungua tena, akamaliza kujaza kikombe.

"Haya," Keith alisema, "linalofuata."

Baadaye Joyce alimkuta Merv penye keki, akijifanya anachagua.

"Acha kujifanya unaumwa," alimwambia. "Sote tulijua."

"Mlijua?"

"Bwana, siku ile mikono ya mkeo ilikuwa imelowa mpaka viwikoni. Yako ilikuwa mikavu. Tulikuwa tunangoja useme."

"Miaka thelathini na mmoja?"

"Ulionekana mwenye furaha," Joyce alisema, akachukua keki mbili, akaenda zake.

Hapo ndipo Merv alipotamani ardhi ipasuke. Kwa miaka yote hiyo alifikiri anaficha kitu, kumbe wenzake ndio waliokuwa wakimstahi, na mkewe katikati yao akiwakaangia soseji, akijua kwamba wanajua.

Mkutano uliitishwa Jumanne, saa nane mchana. Hoja kubwa ilikuwa moja: kibao kibadilishwe au kibaki. Joyce alisema ni skrubu nne tu, na bisibisi anayo kwenye mkoba. Mzee mmoja wa nyuma akasema kibao kikitolewa ubao utabaki na matundu. Mwingine akakumbusha kwamba vipeperushi vya watalii vimeshachapishwa, na bango la kuingilia mjini nalo lina jina la Merv, na rangi yake bado mpya. Keith akapendekeza kabati liwekewe pakiti za kunyonya unyevu, maana msimu wa mvua jiwe linaweza kuanza kuita lenyewe wakati wa mikutano. Hilo la pakiti lilikubaliwa na wote bila mjadala.

"Na Lorna mwenyewe hajawahi kulalamika," Keith aliongeza. "Au vipi, Lorna?"

"Katibu hapigi kura."

"Sisemi kura. Nauliza unasemaje."

"Mimi naandika mnayosema ninyi," Lorna alijibu. Kisha akamwangalia mumewe, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

Merv alisimama. Hotuba alikuwa nayo. Alikuwa ameisema yote ndani ya pikapu njiani, peke yake, mara tatu, na kila mara ilimtoka vizuri: jiwe ni la mke wangu, jicho lilikuwa lake, mimi nilichofanya ni kunyamaza. Sentensi tatu. Aliangalia nyuso za wenzake, watu wema, watu aliopiga nao kambi nusu ya maisha yake, na akaona kwamba wote wanamtakia salama.

"Nitakubali uamuzi wa klabu," alisema, akaketi.

Alijua kabisa kwamba ameshindwa, na kwamba hakuna aliyemlazimisha. Lorna aliandika hilo nalo.

"Wanaotaka kibao kibaki kama kilivyo," Keith alisema, "wanyooshe mikono."

Mikono ikainuka. Lorna akasimama ili aone mpaka nyuma, akahesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikitikisika. Keith alikuwa ameketi ubavuni mwa Merv na mkono wake ulikuwa juu kabisa. Merv akaona vibaya kukaa kando yake mkono ukiwa chini. Mkono wake nao ukapanda, ukafika usawa wa sikio, ukasimama hapo.

"Kumi na saba," Lorna alisema. Kisha akasita. "Merv. Huo mkono umeinua, au unajikuna?"

Angeweza kusema anajikuna. Hakuna mtu pale ambaye asingemkubalia, na Lorna alikuwa amemwachia nafasi ya kutosha.

"Nimeinua," alisema.

"Kumi na nane." Akaandika. "Wasiotaka?"

Joyce aliinua bisibisi.

"Mmoja." Akaandika na hilo, akapigia mstari. Akasoma ajenda iliyofuata, ya safari ya Oktoba, akauliza ni nani atakayejitolea kupika. Watu wakawa wanakusanya miwani yao na kofia zao. Hakuna mkono ulioinuka. Lorna akangoja muda unaostahili, kisha akaandika jina lake mwenyewe.