Kibao cha Choo

Kibao cha ruhusa ya kwenda choo kilikuwa kimoja kwa mafundi arobaini wa kiwanda cha mashati, kimetundikwa juu ya meza ya msimamizi kama nishani. Kila fundi mara mbili kwa zamu, basi. Mshona kola alikwisha kwenda mara mbili, na saa nne haijafika.

Leo alikuwa amejitungia dawa: kutokunywa maji. Lakini mkojo uliendelea kuja, mweupe kama maji ya mvua, na ulimi ukamganda kaakaani.

"Shoga, midomo imepasuka kama kisigino changu," alinong'ona mshona vifungo, jirani yake wa mashine. "Daktari alisemaje?"

Alisema, na ndiyo hofu yenyewe. Ubongo hutuma homoni kuziambia figo zizuie maji, na figo zina kipokezi cha kuupokea ujumbe huo. Chake kilizaliwa kiziwi. "Homoni inabisha hodi, hakuna wa kusema karibu," daktari alimwambia. "Maji yatatoka, unywe usinywe. Usipoyarudisha, utaanguka." Akampa cheti.

Msimamizi alikisoma cheti, akakikunja. "Kipokezi? Mimi hapa napokea mashati."

Kwao ugonjwa huo waliuita ulafi wa maji. Mjomba wake wakampa jina la Samaki, wakamfungia mtungi wa maji ili apone. Akapona kila kitu, hata kupumua.

Sasa kola ikawa mbili, sindano mbili, na kidole chake katikati. Moyo ulimwenda mbio. Alimwona Mjomba Samaki akilamba ukuta wenye unyevu.

Mshona vifungo akamsukumia chupa yake chini ya meza. Akainywa yote, akainuka kwa kushika viti vya watu, akanyoosha mkono kwenye kibao.

"Mara zako zimekwisha," msimamizi alisema.

"Achukue yangu moja," alisema mshona vifungo.

"Na yangu," mpiga pasi akadakia. "Kibofu changu kigumu kama moyo wa bosi."

Msimamizi akafungua daftari, akaandika majina yote matatu.

Mshona kola akakitungua kibao, akaenda. Chooni bomba lilikoroma kwanza, kisha likatoa maji. Alikunywa mdomo ukiwa bombani mpaka sakafu ikaacha kuyumba. Akaijaza chupa.

Aliporudi, msimamizi alikuwa amenyoosha kiganja kusubiri kibao. Alimpita. Akaketi, akaiweka chupa kando ya mashine mahali pa kuonekana, akakivaa kibao shingoni kwa kamba yake. Akachukua kola nyingine.