Siku Sijaona Alipopanda Karthala

Bwanaheri aliondoka kijijini kwake Salale kwa sababu ya boti iliyokwama. Ilikuwa boti ya matanga ya mwanamke wa Norwe aitwaye Solveig, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, ambaye maji yalimtupa kwenye fungu la matope karibu na mdomo wa mto. Bwanaheri alikata mikoko tangu ujana na hakuna kijito cha delta asichokijua. Alingoja maji yajae, akaitoa boti ile taratibu mpaka kwenye kina. Wiki moja baadaye alikuwa baharia wake. Alimwambia mkewe, Sijaona, kwamba anakwenda mpaka Cape Town na kurudi. Akakaa miaka miwili.

Sijaona alibaki na shamba la mpunga, na simu. Kila boti ilipofika bandari yenye mtandao, ujumbe wa sauti ulikuja mfululizo, naye akausikiliza huku anapalilia. Bwanaheri alisimulia vipande vya barafu kusini mwa Chile, vikubwa kama msikiti, vinavyonguruma vikimeguka. Alisimulia ndege wanaopaa mchana kutwa bila kupiga mbawa. Alisimulia mji ulioko karibu na mwisho wa dunia, alikonunua soksi jozi tatu akazivaa zote kwa mpigo.

"Ukiambiwa huwezi kuamini, Mama Zawadi," ndivyo alivyomalizia kila mara.

Mwaka wa kwanza Sijaona alicheka. Wa pili akaacha. Alimtamani mumewe, alitamani hata kikohozi chake cha asubuhi. Lakini kulikuwa na hamu nyingine iliyomjia shambani, akiwa ameinama. Aliinua kichwa atazame mbali, na kila upande palikuwa mikoko. Salale hakuna kilima. Mtu anaweza kuzaliwa pale, azeeke na azikwe, bila kupanda juu kuliko mnazi.

Siku moja mwezi wa tano Bwanaheri alipiga simu kutoka Madagaska.

"Tunapanda huko," alisema. "Mwezi wa tisa tutaingia Mtwara. Kisha Mama Solveig ataelekea Ngazija, halafu Ushelisheli mpaka India. Mimi nitashukia Mtwara nije zangu nyumbani."

"Usishuke. Mwambie nakuja, nipande mpaka Ngazija."

"Mama Zawadi, bahari hii si ya mtumbwi. Yale mawimbi ukiambiwa huwezi..."

"Miaka miwili nakuamini, Baba Zawadi. Nimechoka kuamini. Nataka kuona."

Akavuka mpaka Nyamisati, akapanda bodaboda hadi Kibiti kwa wifi yake Mwanahawa, ambako binti yake Zawadi alikuwa akikaa kwa ajili ya shule. Cheti cha kuzaliwa cha kuombea pasipoti hakuwa nacho, ikabidi mjomba wake aje kuapa kwamba alizaliwa na ni nani aliyemzaa. Mwanahawa alimtazama akipanga makaratasi mkekani.

"Watu watasema nini, wifi? Mke anamfuata mume baharini."

"Watasema nimemfuata mume wangu."

Zawadi, aliyekuwa kidato cha pili, aliuliza jambo moja tu: mama atakuwa amerudi kabla ya mtihani? Sijaona alimwahidi.

Bwanaheri alimpokea bandarini Mtwara. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota mvi. Kwa kuwa kulikuwa na watu walipeana mkono tu, lakini mkono ule hakuuachia mpaka walipofika kwenye boti.

Siku mbili za kwanza Sijaona alitapika mpaka akadhani atatapika na jina lake. Siku ya tatu, alfajiri, alipanda juu akiwa amejifunga kanga mbili, akaona maji yanapasuka mbele yao na nyangumi akitoka, mrefu kuliko boti, akajibwaga ubavu. Hakumwita mtu. Alipoangalia nyuma, Solveig alikuwa ameshika usukani, anamtazama yeye badala ya nyangumi, anatabasamu.

Alichokistaajabia zaidi ni mumewe. Bwanaheri alishinda akiuliza habari za Salale: mpunga wa mwaka huu ulikuwaje, nani kafariki, ule mwambao wa kaskazini bado unaliwa na maji? Yeye naye alimuuliza habari za barafu. Kila mmoja alikuwa akiuliza alikotoka mwenzake.

Walipofika Moroni, kisiwani Ngazija, Solveig alisema anataka kupanda Karthala, mlima wa moto ulio juu ya mji. Bwanaheri alishika goti lake, akasema atalinda boti.

"Mimi nitakwenda," alisema Sijaona.

Kiongozi wao alikuwa Mngazija mmoja, Msaidie. Maneno yake Sijaona aliyapata nusu, nusu nyingine akaikamata usoni mwake. Waliacha gari kijiji cha mwisho kungali na umande, wakapita migombani, wakaingia msituni. Kila walipokata kona mlima uliendelea kupanda. Miguu iliyozoea matope laini ilijikwaa kwenye mawe makali, na mara mbili alikaa chini akidhani basi. Solveig alikaa naye, hakumharakisha. Juu ya msitu miti ilifupika ikawa vichaka, kisha hata vichaka vikaisha, ikabaki changarawe nyeusi na baridi. Sijaona aliona pumzi yake ikitoka kinywani kama moshi. Akapumua tena, kwa makusudi, aione.

Halafu ardhi ikakatika. Chini yao lilikuwa shimo pana ambalo Salale yote na mashamba yake ingeweza kutandikwa ndani, la kijivu, linafuka mvuke upande mmoja. Aligeuka nyuma. Bahari ilikuwa imepanda, imeizunguka dunia pande zote, na hapakuwa na kitu chochote cha kumzuia macho.

"Nzuri?" Solveig aliuliza, kwa Kiswahili chake cha kufundishwa na Bwanaheri.

Sijaona alitafuta neno. "Mbali," alisema.

Waliposhuka mjini kesho yake, Solveig alimwomba aendelee naye mpaka Ushelisheli, awe mpishi. Sijaona alimtazama mumewe.

"Mimi nimechoka," Bwanaheri alisema polepole. "Nataka kusikia watu wakigombana kwa Kindengereko. Lakini wewe sikuzuii."

Alikaa na jambo lile siku nzima. Kisha akamfikiria Zawadi na mtihani wake, akasema hapana kwa kinywa chake mwenyewe. Wakarudi Dar kwa ndege.

Salale, watu walikuja kumsikiliza Bwanaheri. Waliuliza barafu, waliuliza soksi. Sijaona akawaletea kahawa. Hakuna aliyemuuliza mlima, na akiwaza hivyo alijionea aibu, kwa sababu Zawadi alifaulu, mume alikuwa nyumbani, amenenepa, anakohoa kila asubuhi.

Mwezi wa tatu Solveig alituma picha kutoka Sri Lanka: kilima cha kijani, ukungu, njia inayopanda. Sijaona aliitazama katikati ya mpunga mpaka Bwanaheri, aliyekuwa mstari wa pili, akasimamisha jembe.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Naujua huo ugonjwa. Mimi nilikuwa nao kule, wa kutamani huku."

"Ukapona?"

"Nilipofika."

Sijaona aliifunga simu ndani ya kanga. Manyunyu yalikuwa yameanza.

"Hujawahi kunisimulia," Bwanaheri alisema. "Anza pale mlipoacha gari."

Akamsimulia, wote wawili wameinama wanapalilia. Migomba, mawe, pumzi inayoonekana. Alipofika ukingoni mwa shimo alisimama wima.

"Nitakwenda tena," Sijaona alisema. "Si lazima pale. Popote panapopanda."

"Lini?"

"Zawadi akimaliza shule."

Bwanaheri alihesabu miaka kimoyomoyo, akatikisa kichwa kukubali. "Mpunga nitaupalilia," alisema.

Ilibaki mistari miwili, na mvua ilikuwa inaongezeka. Wakaimaliza kwanza.