Ufito Usiosema

Jumatatu baba aliurudisha tena ufito wangu wa kuvulia. Aliusimamisha nyuma ya mlango wa karakana kama ufagio, akavua kofia, akasema neno lile lile nililokwisha kulisikia mara nyingi msimu huu.

"Umekufa."

Nilikuwa nafunga pete za kupitishia mshipi kwenye ufito wa mteja kutoka mji wa Rosario, na anayefunga pete hana ruhusa ya kukasirika. Mkono ukikaza kupita kiasi, mzunguko mmoja wa uzi unapanda juu ya mwenzake na kazi yote inafumuliwa. Nikamaliza, nikakata uzi kwa wembe, ndipo nikakasirika kwa nafasi.

"Umekufa vipi, baba?"

"Hausemi. Asubuhi nzima nimeushika mtoni, hauniambii kitu. Froilán kavua samaki wakubwa, surubi watupu, mbele ya macho yangu, mimi nimekaa kama sanamu ya kanisani."

"Ukitaka kitu kinachosema, kanunue redio."

"Redio angalau haikutengenezwa na wewe, Nélida."

Akaenda zake kunywa terere, chai yake ya baridi, kwenye kivuli, akaniacha na hasira yangu. Niliuchukua ule ufito nikautazama. Kwenye kishikio, ambacho nilikichonga mwenyewe kwa vipande vya kizibo na kukisugua kwa msasa mpaka kikawa laini kama shavu, kulikuwa na alama za kucha zake, zimezama ndani. Ni dharau tu, nikajisemea. Hata kazi ya binti yake anaishika kama mpini wa shoka.

Sisi wa ukingo huu wa mto Paraná tunajua kwamba surubi, pamoja na ukubwa wake wote, hali kwa pupa. Kwanza anagusa chambo, mguso mdogo kama wa mtu anayepima joto la supu kwa mdomo. Ukiusikia mguso huo na kumwachia mshipi kidogo, ni wako. Usipousikia, unarudishiwa ndoano tupu. Kwa hiyo watu hawaji kwangu kutafuta ufito mzuri wa kutazama. Wanakuja kutafuta ufito unaosikia.

Baba yangu, Hilario, alikuwa na masikio kwenye vidole. Tangu kabla sijazaliwa alikaa mbele katika mashua ya Froilán, na kila mashindano ya surubi yalipofika hakuna aliyeuliza kiti kile ni cha nani. Majira ya baridi alipatwa na kiharusi kidogo kilichompitia kama mgeni aliyekosea nyumba. Baada ya wiki chache alikuwa anatembea, anakula, anabishana na jirani. Daktari alimsifu. Sote tukamshukuru Mungu, tukasahau.

Maji yalipoanza kupata joto akarudi mtoni, na hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Ufito wa kwanza nilimtengenezea wa kaboni ngumu. Akasema ni mzito kichwani. Nikang'oa pete, nikaweka nyingine nyepesi za mguu mmoja, uzi mwembamba, gundi tabaka moja tu. Akasema umekufa. Nikatafuta ufito mtupu mwingine, usiofungwa kitu bado, mchanganyiko wa kaboni na faibaglasi, unaopinda taratibu. Akasema huo umelewa. Nikaanza kujitilia shaka. Kila ufito una mgongo wake, upande unaopenda kupindia, na pete zisipofuata mgongo huo ufito unajizungusha mkononi. Nikausimamisha mezani, nikaukandamiza, nikauviringisha, nikauona mgongo pale pale nilipouweka alama. Nikafumua hata hivyo, nikafunga upya. Siku hiyo upepo wa kaskazini ulileta unyevu, gundi ikaingia ukungu, nikarudia tena. Wateja wangu wakasubiri. Nilichoka mpaka nikachukia harufu ya gundi.

Kilichoniuma kuliko vyote nilikisikia kwa mwuza mikate, nilipokwenda kununua chipa, vile vimkate vya jibini. Baba alikuwa ameshapita pale. Alikuwa amesema, mbele ya watu, kwamba Nélida amepoteza mkono.

Siku ya Alhamisi Froilán mwenyewe akaja karakana. Hakukaa. Alizungusha kofia mikononi kama mtu aliyekuja kutoa pole.

"Mwanangu, mashindano ni Jumapili."

"Najua, Mzee Froilán."

"Baba yako hajasikia samaki hata mmoja tangu msimu uanze. Ananiambia ni ufito. Mimi nakuamini wewe, lakini na yeye namwamini, sasa sijui niamini nini. Mkwe wangu anakiomba kile kiti."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia Jumamosi nitampa neno. Mpatie Hilario ufito anaouelewa, nakuomba. Mimi sitaki kuwa mtu wa kumwambia ashuke."

Alipoondoka niliketi nikatazama ukuta. Baba bila kiti kile angekuwa nani? Angekuwa mzee mwenye kofia, anayengoja wengine warudi mtoni ili asikie walichopata. Na mji mzima ungesema ni binti yake aliyemshusha.

Kuna kipimo ambacho mteja wangu yeyote hupita kabla ya kuondoka na ufito. Namkalisha kwenye kiti uani, namfunika macho kwa kofia yake, na mshipi naupitisha kwenye pete na kuuvuta mpaka kwenye mti wa mchungwa. Nikiugusa mshipi kwa kidole, yeye aseme "sasa". Baba alikataa siku zote. Alisema yeye anapimwa na mto, hapimwi na mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kuvaa viatu. Ijumaa, baada ya chakula, wakati mji wote umelala usingizi wa mchana, nilimwamsha.

"Uani, baba."

"Jua hili?"

"Uani. Leo tunamaliza."

Nadhani aliiona sura yangu, maana alinyanyuka bila kubisha. Kwanza nilikaa mimi na ufito, nikafumba macho, mshipi umefungwa kwenye mchungwa. Nzi alitua juu yake, nikamsikia mpaka kwenye kiganja. Ufito haukuwa na ubaya wowote. Nikampa. Akaushika kwa mkono wa kushoto, kama anavyoushika siku zote, wa kulia ni wa kuzungushia mashine ya mshipi. Nikamshushia kofia machoni, nikatembea juu ya changarawe mpaka mtini.

Niligusa mshipi. Kimya. Nikagusa kwa nguvu zaidi. Kimya. Nikabadili mguu, changarawe ikalia.

"Sasa," akasema baba.

Mkono wangu ulikuwa kiunoni.

Nilidhani nimekosea. Nikasubiri, kisha nikasogeza kiatu tu, taratibu, bila kugusa kitu.

"Sasa. Na huo ulikuwa hafifu sana, unaona? Ufito mbovu."

Basi nikasimama imara, nikaushika mshipi, nikauvuta polepole mpaka ncha ya ufito ikainama kabisa, kama amekamata gogo. Baba alikaa ametulia chini ya kofia, kichwa ameinamisha upande, anasikiliza miguu yangu. Vidole vyake vilikuwa vimekibana kishikio mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

Hasira ilinijia kwanza, sitaficha. Nilikumbuka fito zote nilizofumua, nikamkumbuka mwuza mikate. Nilitamani kuuvunja ule ufito juu ya goti.

"Baba, vua kofia."

Akavua. Akaiona ncha iliyoinama, akaufuata mshipi kwa macho mpaka kwenye mkono wangu.

"Tangu lini mkono hausikii?" nikamuuliza.

"Tangu baridi."

"Daktari anajua?"

"Daktari aliniambia nikunje vidole, nikakunja. Hakuuliza zaidi."

"Na mimi je? Umenifumulisha kazi msimu mzima. Umewaambia watu kwamba nimepoteza mkono."

"Mmoja wetu ilibidi aupoteze," akasema baba. "Wewe bado kijana. Wewe ungeupata tena."

Nikageuka nikatazama mchungwa, kwa sababu machozi yalikuwa yananijia na sikutaka yamridhishe. Nilimwonea huruma na bado nilitaka kumpigia kelele, yote mawili kwa pamoja. Kisha nikaingia karakana, nikarudi na kipande cha uzi na penseli.

"Funga macho. Nyoosha mkono."

"Unataka nini?"

"Nyamaza, baba. Umesema vya kutosha."

Nilianza kwenye ncha za vidole, nikawa napitisha uzi juu ya ngozi polepole. Kiganja. Kifundo. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Nikapanda na mkono, upande wa ndani ulio laini. Karibu na kiwiko akashtuka.

"Hapo."

"Una hakika? Hukusikia mguu?"

"Hapo, Nélida. Inawasha."

Nikapiga mstari wa penseli kwenye ngozi yake. Nikaleta ufito mtupu, ule niliokuwa nimemwekea mteja mwingine, mrefu wa kutosha. Nikaulaza juu ya mkono wake nikapima. Kishikio kifupi cha kiganja, kwa sababu vidole bado vina nguvu za kubana. Nyuma yake mkia mrefu unaopita kiwiko, bila kizibo, bila sponji, bila hata uzi, kaboni tupu ilale juu ya nyama inayosikia. Mashine na pete nikazibana kwa utepe tu, kwa majaribio, na mkia nikaufunga kwenye mkono wake kwa kitambaa laini.

"Mbaya kama mguu wa kuku," baba akasema. "Nitamwambia nini Froilán?"

"Mwambie ni mtindo mpya kutoka Rosario."

"Ataamini?"

"Hatauliza. Wewe utasikia samaki, yeye atanyamaza."

Nikamshushia kofia machoni. Halafu nikavua viatu, nikaviacha kando ya kiti ili ajue nimevivua, na nikakanyaga nyasi badala ya changarawe. Mtini nilisimama nikazuia pumzi. Nilimwacha asubiri kama surubi anavyomwacha mtu asubiri, mpaka nikaanza kuogopa mimi mwenyewe. Hakubahatisha. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Nikaweka kidole kwenye mshipi, kwa wepesi kuliko nzi.

"Sasa," akasema baba chini ya kofia, na safari hii mkono wangu ulikuwa pale.