Mstari wa Kalamu Mguuni

Ukucha wa dole gumba langu la mguu ulianza kuwa wa njano mwaka ule walipoizima mashine ya kukaushia mabuti pale mgodini. Wakubwa walisema inakula umeme. Wao hawavai mabuti yaliyolowa. Sisi zamu nzima tunaoga bafu moja, peku, kwenye maji machafu yanayotuama, maana mfereji umeziba na hakuna anayejali.

Ukucha ukawa mnene, ukimong'onyoka kama chokaa. Nikafanya tunavyofanya wachimba makaa wote wa bonde hili la West Virginia: nikaloweka mguu kwenye ndoo ya klorini, kisha nikaukata ukucha kwa koleo la kukatia nyaya. Sikusikia maumivu. Nikajisifu.

Oleta, mke wangu, naye hakusikia kitu mguuni mwake. Alikuwa na kisukari kama mimi, na kisukari huitia miguu ganzi. Madaktari wakamkata kidole, wakamkata mguu, nikamzika.

Siku ya tatu baada ya kuukata ukucha, Hobart, mwenzangu wa zamu, aliniangalia bafuni.

"Delbert, mguu huo umeuchemsha?"

"Oga uende zako."

"Sitanii, mzee. Umevimba na kuwa mwekundu mpaka juu. Oleta alianza hivyo hivyo."

"Usimtaje."

"Namtaja! Vaa suruali, twende zahanati."

Njiani nilitetemeka kwa homa mpaka meno yakagongana.

Nesi, mama mmoja aitwaye Renata, alishika uzi mgumu wa kupimia ganzi. "Nikikugusa unyayo, sema."

Nikangoja. Nikangoja.

"Anza basi," nikamwambia.

"Nimeshamaliza, baba."

Nikauvuta mguu. "Mtaukata?"

"Nani kasema kukata? Ukucha huu unaonekana una fangasi, na fangasi peke yao wasingekufikisha hapa. Klorini imekuunguza, koleo limekuchana, vijidudu vikapata pa kuingilia. Leo tunatibu huu wekundu. Kipande cha ukucha nakipeleka maabara. Wakiwaona fangasi, tutapima ini lako kwanza, ndipo upewe vidonge, na utavimeza kwa miezi. Ukaushe katikati ya vidole, ubadilishe soksi, na bafuni uvae ndala."

"Ndala! Watanicheka."

"Wakucheke ukiwa na miguu miwili."

Kisha akachukua kalamu, akachora mstari kuuzunguka wekundu wote. "Wekundu ukivuka hapa, usingoje. Hospitali moja kwa moja."

Akanipa dawa. Hobart akalala kwangu, kwenye kochi. Asubuhi nilikuwa nimejifunika blanketi, siwezi kutazama.

"Funua," akasema.

"Funua wewe."

Akafunua. Akainama. Akaufuata mstari kwa kidole.

"Sema kitu, mshenzi wewe!"

"Wekundu umerudi nyuma. Upana wa kidole, toka kwenye mstari."

"Pande zote?"

"Pande zote, mzee."

Nikamwambia aangalie tena. Akaangalia. Nikamwambia awashe taa, aangalie tena.