Dua ya Pikipiki ya Maji

Ndugu yangu Badru ni mjinga, na ninamwambia hivyo mbele za watu, kwa sababu mimi Saumu ndiye dada yake mkubwa na nimemlea kwa mikono hii. Lakini ujinga si dhambi. Alichofanya Mzee Mbarak ndiyo dhambi, na mtu akija kuniambia nimsamehe eti kwa kuwa ni mtu mzima, namwonyesha mlango.

Badru alikuwa fundi wa pikipiki pale Kibuye. Akampenda Rehma, binti wa Mzee Mbarak, jirani yetu hapa Kaloleni, kando ya ziwa. Rehma naye akampenda, sikatai, ingawa sijui aliona nini kwenye zile kucha zenye grisi. Mzee Mbarak alikuwa ametunza mashua za klabu moja ya matajiri mpaka akastaafu, na sasa ndiye aliyekuwa msomaji dua wa mtaa mzima. Badru alipokwenda kuposa, Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Binti yangu anaposwa na mtu wa Awasi mwenye lori," akamwambia. "Wewe una nini? Pikipiki kuukuu. Niletee chombo cha riziki kinachotembea, kabla ya Maulidi. Ukikileta, Rehma ni wako. Usipokileta, nisikuone barazani kwangu."

Mtu mwenye akili angetafuta mkokoteni na punda. Badru akaenda kununua pikipiki ya maji, ile mashine ya matajiri ya kukimbilia juu ya ziwa.

Haya, chekeni, nikimaliza mtaacha. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, kabla magugu hayajalifunika ziwa, na Mhindi mmoja alikuwa amehama mji. Mlinzi wake, Wepukhulu, aliachiwa kazi ya kumaliza vitu vilivyobaki godauni. Ndimo ilimokuwa hiyo mashine, imelazwa juu ya matairi, kiti kimeliwa na panya, ubavuni ina ufa wa kuingiza vidole. Badru alikuwa ameona watu wanavyojaa ufukweni siku ya Idd wakitafuta la kufanya. Akajiambia hakuna atakayeiona ile mashine asitake kulipa aipande. Akatoa pikipiki yake, akapewa mashine. Wepukhulu alikuwa mkweli. "Mimi ni mtu wa lango tu, ndugu yangu," alisema. "Inavyotunzwa sijui, na mwenyewe alishapanda ndege."

Basi uani kwangu kukawa gereji. Alifungua kabureta akaiosha kwa petroli ndani ya karai langu la unga, nikamtukana. Alibadilisha plagi, akatafuta betri, akaziba ufa kwa dawa ile ya kuzibia bodi za magari, akashona kiti kwa turubai. Akaona mipira ya maji imezunguka injini, akadhani ni ya kutoa maji yanayoingia ndani. Pikipiki zake zote zilipozwa na upepo, angejuaje? Siku aliyoiwasha ilinguruma mara moja tu, akaizima upesi ili asimalize petroli. Alinikumbatia akilia. Mimi nami nililia, shenzi mkubwa mimi.

"Sasa ipeleke ziwani ukaijaribu," nikamwambia.

"Dada, kabla ya dua?"

Na hapo alisema kweli. Kwetu hakuna chombo kinachoingia kazini bila kusomewa. Iwe lori, iwe baiskeli ya maziwa, inaletwa nyumbani, udi unafukizwa, injini inawashwa, inasomewa ikinguruma mpaka watu waseme amina ya mwisho. Ndivyo walivyofanya baba zetu. Na wa kuisoma alikuwa nani mtaani? Mzee Mbarak.

Alikuja na kanzu nyeupe. Nilikuwa nimepika kaimati na kahawa, majirani wamejaa uani, Rehma amesimama karibu yangu na chetezo cha udi mkononi, hafichi furaha yake. Mzee aliizunguka mashine mara moja, polepole. Aliinama akaitazama kwa nyuma, akaigusa ile mipira. Kisha akainuka. "Mashallah," alisema. "Iwashe, mwanangu."

Badru akaiwasha. Fatiha ikasomwa, tukaitikia amina, nami nikajua imekwisha, maana dua ya lori la jirani ilikuwa fupi hivyohivyo. Lakini Mzee Mbarak hakushusha mikono. Akaanza kuwaombea wazee wetu waliotangulia, mmoja mmoja kwa jina. Akawaombea wagonjwa. Akaomba mvua, na matope ya mvua ya jana yalikuwa bado miguuni mwetu. Harufu ya mpira unaoungua ikaufunika udi.

"Yawa! Hiyo kitu inachomeka!" akapiga kelele Benta, jirani yetu muuza samaki.

Badru alinyoosha mkono aizime. Mzee akamshika bega bila kufumbua macho. "Dua haikatizwi, mwanangu. Utaondoa baraka. Ongeza moto kidogo, isizime."

Na ndugu yangu, fundi mzima, akavuta mafuta, akaongeza moto! Kwa sababu aliyesema ni baba wa Rehma. Moshi ukatoka, watoto wakakohoa, Mzee anaombea mahujaji. Halafu injini ikalia chuma kwa chuma, ikanyamaza.

"Amina," alisema Mzee Mbarak, akajipangusa uso.

Badru alisema imechoka tu, ikipoa itawaka. "Bila shaka," alisema Mzee. "Tuipeleke ziwani. Nataka niione ikitembea." Akaita watu njiani, yeye mwenyewe, mpaka tukafika ufukweni na nusu ya mji. Mashine ikashushwa majini. Badru akapanda, akabonyeza. Tik. Akabonyeza tena. Tik. Aliendelea kubonyeza hata vijana walipoanza kumzomea, hata maji yalipoanza kuingia kwa chini.

Mzee Mbarak alivua makubadhi, akaingia majini hadi vifundoni. "Injini ya majini hupozwa na maji ya ziwa, kijana," alisema, wote tukasikia. "Klabuni mtu akiiwasha nchi kavu hivyo alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Hukujua?"

Badru alimtazama. "Baba, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa kwenye dua," alisema Mzee. "Mtu hazungumzi katikati ya dua."

Nilimrukia. Benta na wenzake walinishika, nami ninajuta tu kwamba walikuwa na nguvu kuliko mimi. Rehma alikaa chini kwenye mchanga, chetezo mapajani.

Mashine iko uani kwangu mpaka leo, kuku wanatagia ndani yake. Badru anafanya kazi kwa watu, anafungua pikipiki za wengine, na siku za Idd hatoki nyumbani. Rehma aliolewa Awasi na yule mwenye lori, kabla ya Maulidi. Siku ya harusi nilikwenda, makusudi, nikakaa mbele nimtazame machoni yule mzee. Hakunikwepa. Dua ya ndoa aliisoma mwenyewe, na kahawa niliyoshika haikuwa imepoa alipomaliza kuisoma.